Paul Ehrlich: Aliyeipaka rangi mishipa ya fahamu

MBUNG'O ni miongoni mwa sababu za Wanyamwezi kuwa wapagazi mashuhuri. Punda na ng'ombe hawakudumu katika mapori ya Tabora na Ujiji, hivyo pembe za ndovu zilisafiri mabegani mwa watu. Nzi huyo hueneza pia malale, ugonjwa ambao vimelea vyake hatimaye huingia ubongoni.

Mmoja wa waliozifunua seli za fahamu kwa rangi, Paul Ehrlich, hakuwahi kufika Tabora. Alizaliwa Machi 14, 1854 huko Strehlen, mji wa Prussia ambao leo uko Poland. Akisomea udaktari, alivutiwa na rangi za viwandani, na tasnifu yake ya mwaka 1878 ilihusu kupaka rangi chembe za mwili.

Mwaka 1886 alionyesha kwamba rangi ya buluu ya methilini, ikidungwa katika mnyama aliye hai, huishika mishipa ya fahamu na kuziacha nyama za jirani. Kwa nini ichague? Ehrlich alifikiri kuwa seli ina mikono inayokamata kile tu kinachoifaa. Mwaka 1897 alitumia wazo hilo kueleza kingamwili, na mwaka 1908 akapata Tuzo ya Nobel pamoja na Mechnikov.

Lakini dawa nayo huchagua, na huweza kuchagua vibaya. Mwaka 1906 na 1907 Robert Koch aliwatibu wagonjwa wa malale visiwani Sese, Uganda, kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Baadhi yao walipofuka, kwani iliharibu mshipa wa jicho. Mwaka 1907 Ehrlich na msaidizi wake Bertheim walibaini muundo halisi wa dawa hiyo, wakaanza kuibadilisha. Huko ndiko ilikotoka dawa ya kaswende ya mwaka 1910.

Alifariki Agosti 20, 1915. Mwaka 1941 Mmarekani Albert Coons aliunganisha rangi ing'aayo na kingamwili. Kwa njia hiyo watafiti huitambua protini moja tu kwenye sinapsi, mahali ambapo seli za fahamu hupokezana habari.

Malale iliendelea kuwapata watu wa Urambo, magharibi mwa Tabora. Melarsoproli, dawa nyingine ya aseniki iliyoanza mwaka 1949, iliua takribani wagonjwa 5 katika kila 100 iliowatibu. Ni mwaka 2024 tu Shirika la Afya Duniani lilipopendekeza vidonge vya feksinidazoli kwa malale ya Afrika Mashariki.