Ilsley Boone, pasta aliyetetea wakaaji uchi

Tarehe 13 Januari 1958, Tribinali Kuu ya Marekani ilitoa uamuzi mfupi sana, bila hata kuwaita mavoka kuja kujieleza: posta haina haki ya kukataa kusafirisha jarida la Sunshine & Health. Ndani ya jarida hilo mlikuwa picha za watu wakiwa uchi kabisa, wakicheza mpira, wakiogelea, wakiota jua. Mwenye jarida, mzee aliyekaribia miaka 80, alikuwa amepigana na posta kwa miaka mingi. Na huyo mzee alikuwa pasta.

Ilsley Boone alizaliwa mwaka wa 1879. Alichunga kanisa la Reformed katika mji mdogo wa Oakland, jimbo la New Jersey, na kwake Biblia na mwili bila nguo havikugombana. Wengi watashangaa. Lakini wazo halikuwa lake. Lilitoka Ujerumani, ambako watu walikuwa wakikutana msituni bila nguo kwa ajili ya jua, hewa na mazoezi ya mwili. Mjerumani mmoja aliyehamia New York, Kurt Barthel, ndiye aliyeanzisha shirika la kwanza kule Marekani mwaka wa 1929. Walikuwa wachache tu. Desemba 1931 polisi waliwavamia ndani ya jumba la mazoezi mjini New York na kuwakamata, lakini jaji akawaachilia.

Mwaka huohuo uongozi ulikuwa umeingia mikononi mwa Boone, na hapo ndipo mambo yalipanuka. Alijua kusema mbele ya watu, na alijua kuchapisha. Aliunganisha vilabu vya majimbo mbalimbali katika shirika moja lililokuja kuitwa American Sunbathing Association, akaanzisha jarida, akafungua kambi ya Sunshine Park kule Mays Landing, New Jersey. Memba walimwita Mjomba Danny.

Maisha ya vile vilabu hayakuwa ya fujo kama watu wa nje walivyodhani. Pombe ilikatazwa. Familia zilipokelewa vizuri, lakini mwanaume aliyekuja peke yake aliulizwa maswali mengi. Watu waliitana kwa jina la kwanza tu, kwa sababu jina la ukoo likijulikana mtu angeweza kufukuzwa kazini. Mwaka wa 1935 jimbo la New York lilipitisha sheria ya kuwapiga marufuku. Ndiyo maana ua ulikuwa mrefu na kadi ya memba ilikuwa na thamani: bila kilabu, mtu hakuwa na mahali pa kwenda.

Boone alikuwa na kasoro yake. Aliongoza shirika kama vile nyumba yake mwenyewe, akiamua peke yake na kukasirika akipingwa. Mwaka wa 1951 memba walichoka, wakamtoa. Hakunyamaza: akaunda shirika lingine, National Nudist Council, na kesi ya posta akaendelea nayo mpaka ushindi ule wa 1958.

Kumbe ushindi huo ulikuwa na bei. Mlango ukishafunguliwa, hauchagui nani apite. Wafanyabiashara ambao hawakujali jua wala afya walijaza maduka picha za wanawake uchi, na jarida la pasta, lenye wazee wakicheza voliboli, halikuweza kushindana nao. Miaka michache baadaye likafa. Boone mwenyewe akafariki mwaka wa 1968.

Vilabu havikuanguka siku ileile. Miaka ya 1970 vijana walianza kuvua nguo kwenye fukwe za wazi, bila kadi, bila mchango wa mwaka, bila kuulizwa umeoa ama hapana. Ua uliojengwa kuwalinda watu dhidi ya polisi ukaonekana kama kizuizi. Waliobaki ndani wakazeeka pamoja. Ardhi ikapanda bei, na mwenye kilabu akifa, watoto wake mara nyingi wanaona heri kuuza. Siku hizi imeongezeka hofu ya simu zenye kamera: picha iliyopigwa kwa siri inaweza kumfikia bosi wa mtu kabla ya jioni, yaani woga uleule wa wakati wa majina ya kwanza.

Sunshine Park ilishafungwa. Shirika alilolijenga Boone lipo bado, lakini kwa jina lingine, na hesabu ya memba imeshuka. Vilabu vingi vinawapunguzia vijana bei ya kuingia. Mahali palipobaki na uhai ni Florida, hasa kaunti ya Pasco, ambako kuna vijiji vizima vya watu wasiovaa nguo. Wengi wao ni wazee waliostaafu.