Jimmy Hogan: Mwalimu wa soka aliyeenziwa ugenini

NOVEMBA 25, 1953, Hungary iliicharaza Uingereza mabao 6-3 katika Uwanja wa Wembley, London. Ilikuwa mara ya kwanza kwa timu kutoka bara la Ulaya kuwafunga Waingereza nyumbani kwao.

Miongoni mwa watazamaji alikuwamo mzee wa miaka 71, aliyefuatana na vijana wa klabu ya Aston Villa. Baada ya mchezo, viongozi wa soka wa Hungary walimtaja kuwa ndiye aliyewafundisha kandanda. Mzee huyo, Jimmy Hogan, alikuwa Mwingereza.

Hogan alizaliwa Oktoba 1882 katika mji wa Nelson, Lancashire. Enzi za ujana wake, mazoezi ya klabu za Uingereza yalikuwa kukimbia kuzunguka uwanja. Mpira ulifichwa, kwa imani kwamba mchezaji aliyeukosa wiki nzima angeingia uwanjani Jumamosi akiwa na uchu nao.

Akiwa Burnley, Hogan alipiga shuti likapaa juu ya lango, akamuuliza kocha wake alikosea wapi. Alijibiwa kwamba aendelee tu kujaribu. Jibu hilo halikumridhisha, na tangu hapo akaanza kuchunguza mwenyewe namna mguu, mwili na mpira vinavyopaswa kukutana.

Mwaka 1910 alikwenda kufundisha Dordrecht, Uholanzi, na mwaka 1912 Hugo Meisl akamwita Vienna, Austria. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 alikamatwa kama raia wa nchi adui, kisha akapelekwa Budapest, ambako aliinoa klabu ya MTK.

Huko Budapest aliwaona vijana wawili wakicheza mpira bustanini, György Orth na József Braun, akawachukua. Wote wawili walikuja kuichezea timu ya taifa ya Hungary, na MTK ikatawala ligi ya nchi hiyo hadi mwaka 1925.

Siri yake ilikuwa mizani. Kijana alifundishwa kutuliza mpira, kupiga pasi na kupiga kichwa, lakini kila ujuzi ulikuwa na kazi yake ndani ya mechi. Hata pasi fupi, aliyoipenda mno, hakuifanya sheria: pasi ndefu ilipofaa, ipigwe.

Nyumbani hakupokewa hivyo. Mwaka 1934 alipewa timu ya Fulham, ambako wachezaji wakongwe waliona hawana haja ya kufundwa, naye akaondolewa kabla msimu haujaisha. Mwaka 1936 alikuwa na kikosi cha Austria kilichotwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya Berlin, na mwaka 1938 akairejesha Aston Villa daraja la kwanza.

Hogan alifariki dunia Januari 1974, akiwa na umri wa miaka 91.

Maisha yake yanawahusu wote wanaolea vipaji. Mtoto anayepangiwa mechi kila siku pasipo kufundishwa hukua na makosa yake, na anayezungushwa kwenye koni pasipo mechi hajui aitumie wapi ahadi ya miguu yake. Uingereza ilikuwa na mwalimu wa yote mawili, ikamwacha aende, na bei yake ikaonekana kwenye ubao wa mabao pale Wembley.