Simeoni Nsibambi: Machozi ya Toba na Furaha ya Msamaha

Askari yeyote aliyewahi kutumwa kutoka Gitega kwenda Muyinga anaijua njia ipitayo Karuzi. Huteremka hadi daraja la mto Ruvubu, kisha huanza kupanda tena vilima. Katika nchi hiyo ya Karuzi ipo Buhiga, ambako wamisionari wa Kianglikana waliotoka Rwanda walifungua kituo katikati ya miaka ya 1930, pamoja na kile cha Matana upande wa kusini. Msafiri apitaye huko siku ya Jumapili huenda akasikia wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ukiimbwa na watu wasiokijua Kiganda.

Wimbo huo ulifika kwetu ukichukuliwa na watu walioitwa Walokole, yaani waliookoka. Pamoja nao likaja swali ambalo halijatuacha hadi leo: mtu aliyekosa alie mpaka lini, na ana haki ya kufurahi kuanzia lini? Tumeona vema leo tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya mtu mmoja aliyesimama kwenye chemchemi ya mwamko huo, naye ni Simeoni Nsibambi wa Buganda. Hakuwa padri wala askofu. Tena aliwahi kuvaa sare, kama sisi.

Nsibambi alizaliwa mwaka 1897. Alisoma shule kubwa za Mengo na Budo, na Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto akaingia katika kikosi cha Waafrika cha uganga, kilichohudumia wagonjwa na majeruhi wa vita vya Afrika ya Mashariki. Vita hivyo ndivyo vilivyowaleta Wabelgiji hapa Gitega mwezi wa Juni 1916. Baada ya vita akapata kazi ya afya katika serikali ya Buganda. Alikuwa kijana mwenye elimu na mshahara, akitazamia kupelekwa ng'ambo kwa masomo ya juu.

Hakupelekwa. Jambo hilo lilimchoma sana. Lakini katika uchungu huo, mwaka 1922, ndipo mambo yake yalipogeuka. Aliona kwamba alikuwa akiulilia ufadhili wa masomo, na hali hajawahi kuililia roho yake. Sisi tunalipenda jambo hili, kwa kuwa si wengi wanaokiri kwamba huzuni yao ya kwanza ilikuwa huzuni ya cheo. Ni askari wangapi tuliowaona wakikonda kwa kukosa tepe moja begani, na hali dhamiri zao zimebeba mizigo mizito zaidi ambayo haijawakondesha hata kidogo!

Tangu hapo alianza kuwauliza watu wa Kampala kama wameokoka, bila kuchagua mkubwa wala mdogo. Mwezi wa Septemba 1929, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na daktari Mwingereza aliyeitwa Joe Church. Daktari huyo alikuwa ametoka hospitali ya Gahini, mashariki ya Rwanda, akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kuu iliyoiangamiza nchi ile. Wawili hao wakaketi siku mbili na Biblia wakisoma na kuomba. Daktari akarudi Gahini akiwa mtu mwingine. Nsibambi naye akaacha kazi ya serikali, akawa mhubiri asiye na mshahara wa kanisa. Historia ya uamsho wa Afrika ya Mashariki huanza kuhesabiwa hapo.

Tukio linaloonyesha tabia yake kuliko mengine ni lile la Yosiya Kinuka. Kinuka alikuwa kiongozi wa wasaidizi wa hospitali ya Gahini, na hospitali ilikuwa imejaa ugomvi na wizi. Alipofika Kampala alimweleza Nsibambi matatizo hayo yote, mmoja baada ya mwingine, kama afisa atoavyo taarifa ya makosa ya kikosi chake. Nsibambi hakumwuliza habari za wale wengine. Alimwuliza habari za moyo wake mwenyewe, akamwonyesha kwamba ugonjwa wa hospitali ile ulianzia kwa yeye aliyekuja kuushtaki. Kinuka aliondoka amekasirika, lakini katika safari ndefu ya kurudi Rwanda akakubali. Alipofika kazini watu wakaona tofauti kabla hajasema neno.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa pia Gahini akifundisha wainjilisti. Hapo ndipo machozi yalipoanza kumwagika waziwazi. Tarehe 27 Desemba 1933, katika mkutano wa maombi, mtu mmoja aliungama dhambi zake, akafuatwa na mwingine na mwingine, kwa muda wa saa mbili na nusu. Kigozi alifariki kwa homa mwezi wa Januari 1936, hajatimiza miaka thelathini, wakati alipokwenda Kampala kuliomba kanisa liamke. Mwaka huohuo moto ukazidi. Watu walilia usiku kucha, wengine wakitetemeka na kuanguka chini, hata wamisionari wenyewe wakaingiwa na hofu.

Je, kilio kile kilikuwa toba? Swali hilo tunalielewa vema. Tulipokuwa katika chuo cha makadeti, mwenzetu mmoja aliiba viatu vya kijana wa bweni jirani. Usiku wa sala akasimama, akaungama kwa machozi mengi, nasi tukalia pamoja naye, tukaimba hadi taa zikazimwa. Asubuhi gwaridani mwenye viatu alikuwa bado amevaa makubazi, na yule aliyeungama aling'ara miguuni. Mpaka tunahitimu, viatu havikurudi.

Viongozi wa uamsho walilitambua jambo hili mapema, na kwa maoni yetu ndilo lililouokoa usiwe kelele tupu. Aliyeungama wizi alirudisha alichoiba. Mali ya hospitali na ya serikali ilirudishwa, madeni yakalipwa, ng'ombe wakapelekwa kwa wenyewe, na mtu akaenda kwa miguu mwendo mrefu kumwomba radhi jirani aliyekuwa amemchukia kwa miaka. Ilipokuwa hivyo, huzuni ilipata mahali pa kuishia. Aliyelipa na kusamehewa hakuona sababu ya kuendelea kujipiga kifua, kwa kuwa waliamini kwamba deni lake kubwa lilikwisha lipwa na Mwingine msalabani. Ndipo wimbo ule wa Kiganda ukaanza, wakikumbatiana kama watu waliotoka kifungoni. Mtu akimaliza kuungama waliimba, wala hawakumwacha ajitazame tena.

Furaha nayo ina matata yake. Mwaka 1941, katika chuo cha kanisa cha Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa kwa kukataa kuacha maombi na mahubiri yao ya alfajiri. Mmoja wao alikuwa William Nagenda, shemeji yake Nsibambi, kwani walioa ndugu wawili. Wakuu wa chuo waliona kiburi. Wanafunzi waliona kwamba wanazuiliwa kumsifu Mungu. Sisi tuliolelewa katika nidhamu hatuwezi kuwalaumu wakuu wale kwa kila jambo, maana anayefurahi kwamba amesamehewa aweza kusahau upesi kwamba wenzake wamelala. Hata hivyo uamsho haukutoka katika kanisa, na Nagenda akauhubiri katika nchi nyingi za dunia.

Nsibambi hakusafiri hivyo. Tangu miaka ya 1940 afya yake ilidhoofika, akabaki nyumbani kwake Kampala miaka mingi, watu wakimwendea huko. Aliishi hadi kuona upepo ukivuma upande wa pili. Katika miaka ya 1960 na 1970 kundi lililojiita Walioamka, likiongozwa na Yona Mondo, lilidai kwamba ndugu wamelala usingizi, likaweka masharti makali, hata kukataza mikopo. Kwa wale, furaha ilianza kutiliwa shaka, na mtu hakujua ametubu kiasi gani ndipo apumzike.

Hapa hatuna budi kurudi kwenye njia yetu ya Muyinga. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua katika mkoa wa Karuzi mabaki ya watu zaidi ya 6,000, wengi wakihusishwa na mauaji ya mwaka 1972. Vilima vile vilikuwa vimekwisha sikia nyimbo za uamsho miaka thelathini na zaidi kabla ya mauaji hayo. Ukweli huu ni mchungu, na hatuoni faida ya kuufunika. Waliouawa hawawezi kurudishiwa kitu, tofauti na mwenye ng'ombe. Mjane wa Karuzi akisikia kwamba aliyeyajua makaburi yale kwa miaka yote aliimba kwa furaha bila kuonyesha mahali yalipo, atauamini vipi msamaha huo? Kwa mizani ya akina Nsibambi, kuonyesha kaburi ndiko kurudisha mali. Furaha itangulizwayo mbele ya hapo ni viatu vya yule kadeti.

Lakini yupo pia askari wa namna nyingine, nasi tumekaa naye katika kambi zetu. Amesema yote, amekwisha adhibiwa, ameomba radhi kwa waliostahili kuombwa, na bado hali wala halali, akidhani kwamba akiacha kuhuzunika atakuwa amewadharau marehemu. Kwa mtu huyu Walokole hawakuwa na sharti jingine la kumwongezea. Wangemshika mkono na kuimba.

Mwezi wa Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika uamsho huo mwaka 1948, aliuawa akiwa mikononi mwa askari wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere, mwana mwingine wa uamsho, alikimbilia uhamishoni, na mwaka huohuo akaandika kitabu kueleza kwamba amemsamehe Amin. Mzee Nsibambi alikuwa bado hai. Alifariki mwaka uliofuata, 1978, serikali ya Amin ikiwa bado imesimama. Mwanawe Apolo alikuwa Waziri Mkuu wa Uganda tangu 1999 hadi 2011, naye alifariki mwaka 2019.