Edgar Codd, mutu aliyefungua mulango wa depo ya data

Karibu kila mukaaji wa Keshero iko na jina lake ndani ya ordinatere fulani. Mwenye karte ya kura, jina lake iko kwa CENI. Mwenye M-Pesa ao Airtel Money, jina lake iko kwa kampuni ya simu. Na mutu aliyekimbia vita kutoka Masisi ao Rutshuru, jina lake limepita katika liste za musaada, na mara nyingi liste ile imetoka shirika moja kwenda lingine. Karibu majina ile yote yamepangwa namna moja: katika tablo, yenye mistari na safu. Namna ile ya kupanga ilitoka katika kichwa cha mutu mumoja, Edgar Frank Codd, ambaye marafiki walimuita Ted. Alikufa mwaka 2003, na hapa kwetu ni wachache wanaomujua.

Mutoto wa kisiwa, rubani wa vita

Codd alizaliwa tarehe 19 mwezi wa 8 mwaka 1923 katika kisiwa cha Portland, kusini ya Uingereza. Alikuwa mutoto wa mwisho katika jamaa ya watoto saba. Baba yake alifanya kazi ya ngozi, mama yake alikuwa mwalimu wa shule. Akili yake ilimufikisha Oxford, ambako alisoma hesabu na kemia. Vita ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, aliacha masomo na kujiunga na jeshi la anga la Uingereza kama rubani. Nyuma ya vita alirudi shuleni, akamaliza mwaka 1948, kiisha akavuka bahari kwenda Marekani.

Mwaka 1949 kampuni ya IBM ilimupa kazi New York. Siku zile ordinatere ilikuwa masini kubwa inayojaza chumba kizima. Kuingiza data ilikuwa kazi ya mikono: kila habari ilitobolewa kwa matundu katika karte za karatasi nzito, kiisha karte zile zililishwa masini moja nyuma ya ingine. Karte moja ikipotea, habari ya mutu imepotea.

Mwaka 1953 Codd alifunga mizigo. Senateri mumoja wa Marekani, Joseph McCarthy, alikuwa anashitaki watu kuwa wakomunisti bila ushuhuda wa kutosha, na wengi walipoteza kazi juu ya jina lao kuandikwa katika liste fulani. Codd alikasirika, akahamia Ottawa, Canada. Alirudi kwa IBM mwaka 1957. Akiwa anakaribia miaka 40 na mwenye jamaa, alirudi tena kwenye kiti cha mwanafunzi, na mwaka 1965 alipata udaktari katika chuo kikuu cha Michigan. Kisha kampuni ilimutuma San José, California.

Depo yenye mulinzi mumoja

Huko San José njo alikuta tatizo lililobadilisha maisha yake. Makampuni makubwa, mabenki na serikali walikuwa tayari na data nyingi ndani ya ordinatere. Lakini zilipangwa kama muti: shina, matawi, majani. IBM yenyewe ilikuwa imetengeneza programu ya namna ile, IMS, kwa kusaidia kazi ya Apollo, ile ilipeleka watu mwezini. Ili kupata habari moja, programu ilipaswa kujua njia yote ya kupitia, tawi kwa tawi. Ukibadilisha mupango wa muti, programu zote zilizoutegemea zinaanguka.

Ni kama depo ya maharagi ambayo mulinzi mumoja tu njo anajua mufuko gani uko wapi. Siku mulinzi anahama, wenye mali wanabaki inje. Kuhamisha data kutoka masini moja kwenda ingine ilimaanisha kuita wataalamu, kuandika programu mupya na kungoja sana.

Mwezi wa 6 mwaka 1970, Codd alitoa andiko fupi katika gazeti la wataalamu wa ordinatere. Wazo lake lilikuwa rahisi kusema: tuweke data zote katika tablo. Kila tablo iseme juu ya kitu kimoja. Kila mustari uwe na ufunguo wake, yaani namba ao alama inayoutofautisha na mingine yote. Tablo moja ikitaka kusema juu ya mutu aliye katika tablo ingine, itaje ufunguo wake, basi. Mwenye kuuliza aseme tu anataka nini, na masini yenyewe itafute njia. Ilitoka katika hesabu za makundi ambazo alisoma, lakini matunda yake yako wazi kwa kila mutu: tablo inaweza kuandikwa nje, kubebwa, na kuingizwa katika masini ya kampuni ingine bila kubeba ile muti yote.

Nabii kwao

IBM haikufurahi. IMS ilikuwa inaleta pesa nyingi, na wazo la Codd lilikuwa linaharibu soko. Aliendelea kuandika, kubishana na wataalamu wenzake mbele ya watu, na kuwaeleza wateja wa IBM moja kwa moja. Mwishowe kampuni ilikubali kujaribu, katika kazi iliyoitwa System R. Lakini hawakumupa uongozi. Wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitunga luga ya kuuliza tablo, ile leo inaitwa SQL. Luga ambayo Codd mwenyewe alikuwa amependekeza iliachwa pembeni.

Wakati IBM inasitasita, wengine walisoma maandiko yaliyotolewa wazi. Chuo kikuu cha Berkeley kilitengeneza Ingres. Kampuni ndogo ya Larry Ellison ilitoa Oracle sokoni mwaka 1979, mbele ya IBM, ambayo iliuza yake mwaka 1981. Mwaka ule ule wa 1981 Codd alipewa zawadi ya Turing, zawadi kubwa kupita zote katika kazi ya ordinatere. Kampuni yake ilikuwa imechelewa miaka 11 kwa wazo lililotoka ndani ya nyumba yake.

Mwaka 1985, akiwa ametoka IBM, Codd aliona wauzaji wengi wanabandika jina la tablo kwenye programu zao za zamani ili kupata wateja. Aliandika sheria 12 za kupima nani anasema ukweli. Moja kati yazo inatugusa sana hapa Mashariki: masini inapaswa kujua tofauti kati ya sifuri, nafasi tupu, na habari isiyojulikana.

Mahali majina yanapotelea

Tuseme mama mumoja alikimbia Masisi na hajui siku aliyozaliwa. Anayeandika anaweza kutunga tarehe ili fomu ikubali. Liste ile ikiingizwa mahali pengine, tarehe ya kutunga inakuwa ukweli, na kesho karte yake ya kura na liste ya musaada hazipatane tena. Kufuatana na Codd, pale paandikwe kwamba haijulikani, na masini ilinde ukweli ule.

Majina yetu nayo iko na shida yake. Mukongomani iko na jina, postnom na prénom. Tablo iliyotengenezwa inje mara nyingi ina nafasi mbili tu. Wakati wa kuingiza, jina moja linakatwa ao linaunganishwa na lingine, na mutu mumoja anakuwa watu wawili. Njo maana Codd alikaza juu ya ufunguo. Majina yanafanana, namba ya ufunguo, ikiwekwa vizuri, haifanane.

Hata alama ndogo inaharibu. Data zikitolewa nje, mara nyingi zinaandikwa katika fishie ya maandishi tu, ambamo koma inatenganisha safu. Sisi wa shule ya Kifaransa tunaandika kilo 2,5 kwa koma. Masini iliyopangwa kwa Kiingereza itasoma 2 katika safu moja na 5 katika safu inayofuata. Tarehe pia: 03/04 kwetu ni tarehe 3 mwezi wa 4, kwa Mumarekani ni tarehe 4 mwezi wa 3.

Kuna na utaratibu wa kuingiza. Tablo ya wakubwa wa jamaa inatangulia, ya migao inafuata, juu mugao hauwezi kuwa wa mutu ambaye hajaandikwa. Na moto ya SNEL ikikatika katikati? Wenzake wa San José, kati yao Jim Gray, walitengeneza jibu: kazi inaingia yote, ao haiingie hata kidogo. Jamaa nusu haibaki ndani.

Mambo haya si ya wataalamu peke yao. Inchi yetu ilihesabu watu wake mara ya mwisho mwaka 1984. Karte ya kura njo inatumika kama kitambulisho kwa watu wengi. Wakati wa kuandikisha, data za kila kituo zinatolewa na kutumwa ili ziunganishwe katika fishie moja ya inchi. Katika uchaguzi wa tarehe 20 mwezi wa 12 mwaka 2023, Masisi na Rutshuru hawakupiga kura juu ya vita. Mutu anayekosa mustari wake katika tablo ile anasumbuka kwa barriere, kwa benki na kwa kununua laini ya simu.

Wagomatraciens wanajua pia maana ya kuwa na kopi mahali pengine. Tarehe 17 mwezi wa 1 mwaka 2002, lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya muji. Karatasi zilizokuwa ndani ya nyumba na biro zilizofunikwa hazikutoka tena. Tablo iliyokwisha kutolewa na kuwekwa katika muji mwingine, lava haiifikie.

Codd alikufa nyumbani kwake huko Florida, juu ya ugonjwa wa moyo, tarehe 18 mwezi wa 4 mwaka 2003. Alikuwa na miaka 79. Watu wengine walitajirika sana kwa wazo lake kumupita yeye.

Kwa mukaaji wa Keshero anayeandikwa leo katika liste yoyote, maisha yake yanaacha mashauri matatu. Soma mustari wako mbele ya kuondoka, majina yote matatu. Omba namba yako na uiandike nyumbani, siyo katika simu peke yake. Na kama habari fulani huijui, kataa wakutungie: sema haijulikani, na waandike vile.