Mazzini: Mkimbizi aliyeinasa posta kwa mbegu

MKULIMA anapompa kondakta wa basi bahasha yenye fedha au sampuli ya mbegu, hulipia vitu viwili: usafiri, na uhakika kwamba mzigo utafika kama ulivyofungwa. Giuseppe Mazzini, mwanasiasa wa Italia, alionyesha jinsi ya kupima hicho cha pili.

Alizaliwa Genoa, Juni 22, 1805, akasomea sheria. Wakati huo Italia ilikuwa vipande vipande vya falme ndogo, na Austria ikitawala Lombardy na Venice. Mwaka 1831, akiwa uhamishoni Marseille, alianzisha chama cha kupigania Italia moja yenye jamhuri. Alifukuzwa Ufaransa, akahamia Uswisi, na mwaka 1837 akaingia London. Huko aliishi kwa kuandika makala, na mwaka 1841 alifungua shule ya bure ya watoto maskini wa Kiitaliano.

Barua njiani

Silaha yake kubwa ilikuwa barua. Kutoka Italia zilisafiri nchi kavu kupitia nchi kadhaa kabla ya kuvuka bahari kuingia Uingereza, na kila kituo kilikuwa na mikono yake. Austria ilikuwa na ofisi ya siri mjini Vienna. Mifuko ya barua za mabalozi ilifikishwa humo saa 1 asubuhi, lakiri ikayeyushwa kwa mshumaa, barua zikanakiliwa na kufungwa upya, na kabla ya saa 4 zilikuwa zimesharudi posta.

Mazzini aliamini Uingereza ni salama. Lakini mwaka 1844 alianza kushuku, akafanya majaribio. Marafiki walimtumia barua zenye mbegu za mpopi, ambazo ni ndogo kuliko ulezi, chembe za mchanga na unywele. Barua zilifika zikiwa zimefungwa vizuri, ila vilivyowekwa ndani havikuwemo. Aidha, barua mbili zilitumwa kwa wakati mmoja. Iliyoandikwa jina lake ilichelewa kufika.

Juni 14, 1844, mbunge Thomas Duncombe aliwasilisha malalamiko bungeni. Ikabainika kuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Sir James Graham, alitoa kibali cha kufungua barua hizo, na habari zake zikafika kwa Austria. Julai 25 mwaka huo, ndugu Attilio na Emilio Bandiera, waliokuwa wakiwasiliana na Mazzini, walipigwa risasi huko Calabria baada ya uasi wao kushindwa. Wengi waliilaumu posta, ingawa serikali ilikana kutoa majina yao.

Hasira ya wananchi ilikuwa kubwa. Posta hiyo ilikuwa imeanza mwaka 1840 kutoza peni moja tu kwa barua, na biashara nyingi ziliitegemea. Mwaka huo huo wa 1844 ofisi ya siri ya kufungua barua za nje ilifungwa, ingawa mamlaka ya waziri kutoa kibali yalibaki.

Mazzini alikuwa miongoni mwa viongozi watatu wa Jamhuri ya Roma mwaka 1849. Alifariki Pisa, Machi 10, 1872. Italia ilikuwa imeungana, lakini chini ya mfalme.

Somo la kiuchumi ni kwamba lakiri nzima haithibitishi kuwa mzigo haukuguswa. Kabla ya kumwamini msafirishaji mpya kwa mzigo mkubwa, mpe mdogo uliouhesabu, na mpokeaji auhesabu tena. Gharama yake haizidi mbegu chache.