Mtoto Aliyepanda Ua: Maisha ya Daktari Maria Montessori

Hapa Maganzo wazazi waendapo machimboni au sokoni, wadogo wasiofikia umri wa shule hubaki uani wakikimbiza magurudumu na kupanda kila kinachopandika. Nasi twawaamuru watulie. Yafaa basi tumkumbuke mwanamke aliyejifunza mengi kwa watoto wasiotulia.

Maria Montessori alizaliwa Chiaravalle, Italia, tarehe 31 Agosti 1870. Baba yake hakupendezwa binti asomee udaktari, lakini mwaka 1896 alihitimu Roma, mmojawapo wa wanawake wa kwanza nchini mwake. Alianza kazi kwa watoto wenye ulemavu wa akili, ambao wengi waliwadhani hawafundishiki. Aliona kwamba mikono ikipewa kazi, akili nayo huamka.

Siku ya Tokeo la Bwana, tarehe 6 Januari 1907, alifungua Nyumba ya Watoto katika San Lorenzo, mtaa wa mafukara wa Roma. Wazazi walishinda kazini, na watoto wapatao 50 waliachwa ngazini wakichafua kuta.

Siku moja aliwatembeza uani, palipozungukwa na ua wa nyaya. Wale wa miaka miwili na nusu au mitatu walisema wamechoka. Viti vilikuwapo, hawakuvikalia. Walikimbilia uani, wakashika waya wa juu, wakakanyaga ule wa chini, wakaenda upandeupande. Mwingine angewachapa. Daktari alisimama akatazama, akafahamu: kiwiliwili cha mtoto wa umri huo ni kikubwa kuliko miguu yake, hata miguu huchoka upesi, akining'inia, mikono huchukua uzito, na miguu hujizoeza bila kulemewa. Akaagiza ujengwe ua wa namna hiyo kwa ajili ya mchezo. Kwetu ni kazi ya nguzo chache na fito, wala haihitaji mfadhili. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mtoto wa miaka 3 au 4 apate walau dakika 180 za kuchezesha mwili kila siku.

Ndani ya nyumba aliweka viti vyepesi ambavyo mtoto aliweza kuvibeba mwenyewe. Watoto walimimina maji, walifunga vifungo, walitembea juu ya mstari uliochorwa sakafuni. Binti wa Kisukuma aletaye maji katika kindoo kichwani, asimwage, amekwisha kulifanya somo hilo (hatuwatetei wanaowatwika wadogo madumu mazito). Hata kuandika kulianzia mwilini: mtoto alipapasa kwa vidole herufi zilizokatwa katika karatasi ya msasa, na kalamu ikafuata baadaye. Mzazi adaiye daftari lililojaa maandishi kwa mtoto wa miaka mitatu hudai tunda kabla ya ua lake kuchanua.

Haifai kuficha huzuni ya maisha yake. Mwaka 1898 alimzaa mwana, Mario, nje ya ndoa, naye akalelewa shambani na watu wengine mpaka alipokaribia ujana. Mwanamke aliyezitazama hatua za watoto wa wenzake kwa uangalifu mkubwa hivyo hakuziona hatua za kwanza za mwanawe. Twalisema bila kumhukumu. Mario alirudi kwake, akawa msaidizi wake hadi mwisho.

Serikali ya Mussolini ilimsifu kwanza, kisha shule zake zikafungwa. Mwaka 1939 alikwenda India pamoja na Mario, na vita vikawazuia huko hadi 1946. Aliwafunza walimu zaidi ya 1,000, wengi wakiketi sakafuni juu ya mikeka, jambo ambalo halikumsumbua hata kidogo.

Alifariki Noordwijk, Uholanzi, tarehe 6 Mei 1952, mwenye umri wa miaka 81, akazikwa huko katika makaburi ya Wakatoliki.