Herbert Hoover, Meneja wa Mgodi wa Dhahabu

Wengi wetu tukisikia jina la Herbert Hoover tunamkumbuka kwa jambo moja tu: ni yule rais wa Marekani aliyekuwa madarakani uchumi wa dunia ulipoanguka mwaka wa 1929. Basi, tunafunga daftari. Mimi ningependa kuwasimulia Hoover mwingine, kijana wa miaka 23 aliyepewa mgodi wa dhahabu katika jangwa la Australia. Kwa maoni yangu, anayetaka kumwelewa yule mzee wa Ikulu aanze na huyu kijana.

Alizaliwa tarehe 10 Agosti 1874 katika kijiji cha West Branch, jimbo la Iowa. Baba yake alikuwa mhunzi. Wazazi wake walikuwa waumini wa Quaker, yaani kanisa la Friends, ambalo sisi watu wa Magharibi tunalijua vizuri tangu wamisionari wake walipofika Kaimosi mwaka wa 1902. Baba alifariki 1880, mama akamfuata 1884. Hoover akawa yatima kabla ya kutimiza miaka kumi, akapelekwa mbali huko Oregon kulelewa na mjomba wake. Sekondari hakumaliza. Mchana alifanya kazi ndogondogo katika ofisi ya mjomba, jioni akasoma hesabu. Chuo Kikuu cha Stanford kilipofunguliwa mwaka wa 1891 alifanya mtihani wa kuingia, hesabu akapita, masomo mengine yakamlemea, lakini akakubaliwa kwa masharti. Alisomea miamba na madini, na ili apate karo alikuwa akikusanya nguo za wenzake na kuzipeleka kwa dobi.

Alihitimu 1895, digrii mkononi, kazi hakuna. (Kumbe jambo hili halikuanzia kwetu!) Akajifunga kibwebwe akaenda kusukuma toroli za mawe katika mgodi wa dhahabu huko Nevada City, California, zamu ya usiku, saa kumi kwa siku, mshahara dola mbili. Tafadhali yakumbukeni hayo matoroli, kwa maana nitayarudia.

Mwaka wa 1897 kampuni ya Bewick, Moreing ya London ilikuwa ikitafuta injinia mzoefu wa kutumwa Australia Magharibi. Dhahabu ilikuwa imepatikana Coolgardie 1892 na Kalgoorlie 1893, na watu wakamiminika huko kama siafu. Kampuni ilitaka mtu mzima, naye Hoover alikuwa na miaka 22. Inasimuliwa kuwa alifuga masharubu ili aonekane mzee, akapata kazi.

Huko alikuta jua la kupasua kichwa, vumbi jekundu na nzi. Maji yalikuwa ghali kwelikweli, kwani bomba la kuyaleta Kalgoorlie kutoka pwani lilikamilika mwaka wa 1903 tu. Safari zilikuwa za ngamia, mnyama ambaye Hoover hakumpenda hata kidogo. Kazi yake ilikuwa kukagua migodi na kuiambia London upi ununuliwe. Zaidi ya kilomita 200 kaskazini ya Kalgoorlie alikuta mgodi mdogo ulioitwa Sons of Gwalia. Akaupima, akapiga hesabu, akaishauri kampuni iununue. Mnamo Mei 1898 akafanywa meneja wake.

Na hapa ndipo mambo yalipochacha. Kijana akaanza kubana matumizi. Saa za kazi akaziongeza kutoka 44 hadi 48 kwa wiki. Malipo ya ziada ya Jumapili akayafuta. Kutoboa mwamba, kazi ambayo watu wawili walikuwa wakisaidiana, mmoja akishika tindo na mwingine akipiga nyundo, akataka ifanywe na mtu mmoja. Wachimbaji waliponung'unika akaleta vibarua Waitalia, waliokubali mshahara wa chini na ambao angeweza kuwatumia kuwadhibiti watu wa chama cha wafanyakazi. Gharama zikashuka, London wakafurahi. Nakubali kwamba mgodi ulikuwa mali ya watu waliotaka faida. Lakini huyu si ndiye aliyesukuma toroli usiku kucha miaka mitatu tu kabla? Mimi hapo alinikasirisha, na sijapata jibu.

Mwisho wa 1898 akahamishwa. Alimposa Lou Henry, msichana aliyesomea miamba Stanford kama yeye, kwa simu ya maandishi! Wakaoana Februari 1899 wakaabiri meli kwenda China, na mwaka wa 1900 wakajikuta wamezingirwa Tianjin wakati wa vita vya Boxer. Baadaye alitajirika. Mwaka wa 1909 alitoa kitabu kuhusu uchimbaji migodi, na humo alikiri kuwa vyama vya wafanyakazi vina haki ya kuwepo. Ajabu ni kwamba katika kitabu hichohicho alidai mchimbaji mmoja mzungu ni sawa na wawili au watatu wa rangi nyingine. Wacha nisiseme mengi.

Vita vya 1914 vilipozuka, hesabu zake ziligeuka baraka. Aliongoza shirika la kuwalisha raia wa Ubelgiji waliokuwa chini ya Wajerumani, na njaa ilipoikumba Urusi 1921, shirika lake lililisha zaidi ya watu milioni kumi kwa siku. Kwa sifa hiyo akachaguliwa rais, akaapishwa Machi 1929. Oktoba mambo yakaporomoka. Wasio na makao walijenga vibanda vya mabati na maboksi, wakaviita kwa jina lake. Mwaka wa 1932 alishindwa vibaya na Franklin Roosevelt.

Shida hiyo ilitufikia hata sisi. Bei ya kahawa na mahindi ilianguka, na dhahabu ilipopatikana Kakamega mwaka wa 1931, masetla wengi waliofilisika walikimbilia huko. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ili ardhi ya Waafrika ichukuliwe kwa uchimbaji bila wenyewe kupewa nyingine. Hoover hakuhusika na sheria hiyo, ila wazee wetu nao walifanyiwa hesabu.

Sons of Gwalia ilitoa dhahabu wakia milioni 2.6, ikafungwa tarehe 28 Desemba 1963, siku kumi na sita baada ya Kenya kupata uhuru. Wachimbaji wakahama, nyumba zao za mabati zikabaki tupu, ingawa miaka ya 1980 uchimbaji ulianza tena. Hoover alifariki New York tarehe 20 Oktoba 1964 akiwa na miaka 90. Nyumba ya meneja aliyoichora yeye mwenyewe ingali imesimama kilimani, na wageni hulipa kulala humo.